Kinga za umeme milimani: zinapanda namna gani, na Kalemie inahitaji nini kabla ya kuziwaza Kabobo

Kwenye njia ya Katanika kuingia mjini Kalemie, kinga ni chombo cha kazi. Inabeba makala, muhogo na mabidoni ya maji, na mara nyingi mwenyewe hapandi: anatembea kando yake akisukuma. Mbali na hapa, kwenye mbuga za milimani, kuko watu wanaolipa pesa kusudi wapande mlima juu ya kinga bila mzigo wowote, wakitazama tu misitu, mawe na maporomoko ya maji. Siku hizi wengi wao wanatumia kinga ya umeme, na vijiji vilivyo kwenye mlango wa mbuga vinapata riziki kwa kuzikodisha.

Jimbo la Tanganyika nalo liko na mlima wa kutazamwa, ndio Kabobo, na liko na maji yanayozaa umeme kule Bendera. Makala hii inaeleza namna kinga hizo zinavyofanya kazi, mbuga gani zinaziruhusu na kwa masharti gani, na kitu gani kinakosekana hapa kwetu.

Kinga ya umeme ni nini

Ni kinga ya kawaida, yenye pedale, cheni na freni, iliyoongezewa vitu vitatu: mota ndogo, bateri, na kifaa kinachopima nguvu ya miguu. Mpandaji anapokanyaga pedale, mota inasaidia. Akiacha kukanyaga, mota inaacha pia. Kuko na aina nyingine inayoendeshwa kwa kukaza mkono kama moto, lakini mbuga nyingi haziitaki.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kinga inahesabiwa kuwa kinga, si pikipiki, kama mota yake haipiti wati 250 na kama inaacha kusaidia mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa. Marekani inakubali mota hadi wati 750 na inazigawa kwa madaraja 3. Daraja la 1 linasaidia tu wakati wa kukanyaga, mpaka kilometa 32 kwa saa. La 2 linaweza kwenda bila kukanyaga. La 3 linasaidia mpaka kilometa 45 kwa saa.

Bateri nyingi ni za lithiamu na zinabeba karibu wati-saa 500, yaani nusu ya kilowati-saa. Kuijaza kunachukua kama saa 4 hadi 6. Kwenye njia tambarare inaweza kumfikisha mtu kilometa 50 na zaidi. Mlimani hesabu ni nyingine.

Mlima unakula bateri kiasi gani

Chukua mtu wa kilo 70, kinga ya kilo 25, na kilo 5 za maji na begi. Jumla ni kilo 100. Kwenye mteremko unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 za njia, kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, inahitajika nguvu ya karibu wati 220. Miguu ya mtu wa kawaida, asiyekuwa mwanamichezo, inatoa kama wati 100 kwa muda mrefu. Ndiyo sababu watu wanashuka na kusukuma. Mota ya wati 250 inajaza pengo hilo, na kubakiza kidogo.

Sasa tuangalie urefu wa mlima. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kupanda kutoka ufuo hadi mita 2,000 ni kupanda zaidi ya mita 1,200. Kwa kilo zile 100, na ukihesabu umeme unaopotea ndani ya mota, safari hiyo ingekula karibu bateri nzima kama mota ingefanya kazi yote peke yake. Miguu ikifanya nusu, bateri inabaki nusu. Ndiyo maana kwenye safari za milimani kiongozi anawaambia wageni wasitumie msaada mkubwa tangu mwanzo. Aliyemaliza bateri katikati ya njia anabaki na kinga ya kilo 25 ya kusukuma.

Watu wengi wanauliza kama bateri inajijaza wakati wa kutelemka. Kwa kinga nyingi jibu ni hapana. Mota zilizowekwa kwenye pedale hazirudishi umeme, na zile za kwenye gurudumu zinazoweza kurudisha zinarudisha kidogo tu. Kutelemka kunaleta shida yake nyingine: kinga ni nzito, inashika mwendo haraka, na freni zinapata moto. Ajali nyingi za mlimani ni za kutelemka.

Mbuga zinazoruhusu, na mbuga zinazokataza

Marekani ilifungua mlango mwaka 2019, wakati wizara inayosimamia mbuga ilipoagiza kinga za umeme zihesabiwe sawa na kinga za kawaida. Kila mkuu wa mbuga alipewa uwezo wa kuchagua njia zipi ziruhusiwe.

Mfano mmoja ni mbuga ya Zion, katika jimbo la Utah. Ni bonde lenye kuta za mawe mekundu, na barabara moja ya lami inaingia ndani. Tangu mwaka 2000, katika miezi ya wageni wengi, magari ya watu binafsi hayaingii kwenye barabara hiyo: wageni wanapanda basi la mbuga, au kinga. Kwa hiyo mpandaji wa kinga anapata barabara tulivu. Maduka yanayokodisha kinga yako Springdale, kijiji kilicho kwenye mlango wa mbuga, si ndani ya mbuga. Mtu anakodi kijijini, anakula kijijini na kulala kijijini.

Mbuga ya Acadia, katika jimbo la Maine, iko na kilometa zaidi ya 70 za njia za changarawe. Tajiri John D. Rockefeller Mdogo alizijenga kwa farasi na magari ya kukokotwa, kati ya mwaka 1913 na 1940, akikataza motokari. Leo mbuga inaruhusu huko kinga za daraja la 1 peke yake, kusudi njia zibaki tulivu.

Lakini si wote wanakubali. Mbuga ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914 katika milima ya Alps, inakataza kinga zote, za umeme na za kawaida. Mgeni anatembea kwa miguu kwenye njia zilizopangwa, basi. Sababu ni wanyama. Mtu anayetembea anasikika na kuonekana mapema, lakini kinga inatokea ghafla kwenye kona.

Afrika Mashariki: Hell's Gate, Kilimanjaro, Mahale

Karibu na kwetu, mbuga inayojulikana sana kwa kinga ni Hell's Gate, karibu na Naivasha, nchini Kenya. Ilianzishwa mwaka 1984 na ina kilometa mraba 68 tu. Wageni wanaruhusiwa kuendesha kinga kati ya punda milia, swala na twiga, kwa sababu mbuga hiyo haina hatari ya simba na tembo kama mbuga zingine. Vijana wa eneo wanakodisha kinga nje ya mlango. Pembeni ya njia zinaonekana bomba za Olkaria, mtambo unaochota mvuke wa moto chini ya ardhi na kuugeuza umeme. Mandhari na umeme viko mahali pamoja.

Hell's Gate inafundisha jambo lingine pia. Ndani yake kuko korongo jembamba ambamo maji ya mvua yanafika kwa nguvu, hata kama mvua imenyesha mbali. Mwaka 2012 watu 7 walikufa humo, na mwaka 2019 watu wengine 7. Mbuga ya milima inahitaji mtu wa kutazama mawingu na kufunga njia kwa wakati, kabla ya kuhitaji kinga nzuri.

Tanzania inaruhusu kinga kwenye Kilimanjaro, lakini kwa njia ya Kilema, wakati wapandaji wa miguu wanatumia njia zingine. Kwa namna hiyo wenye kinga na wenye mizigo kichwani hawagongani.

Rwanda imechukua njia ya tatu. Badala ya kuingiza kinga ndani ya msitu, imeweka alama kwenye njia ya kilometa 227 kando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu, iliyo jirani na Goma, hadi Rusizi, jirani na Bukavu. Njia hiyo inapita kwenye vijiji, mashamba ya kahawa na vilima. Mnamo Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya kinga za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Na kuko mlima ambao hautaki gurudumu kabisa. Ng'ambo ya ziwa, karibu uso kwa uso na Kalemie, iko mbuga ya Mahale, Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ndani yake hakuna barabara. Mgeni anafika kwa mashua na kutembea kwa miguu kutafuta sokomutu. Mahale inapokea wageni miaka yote bila kinga hata moja.

Kabobo: mlima wa jimbo letu

Kabobo iko kaskazini ya Kalemie, kando ya ziwa, kuelekea Fizi. Vilele vyake vinapita mita 2,000. Mnamo Desemba 2016 serikali ya jimbo la Tanganyika iliifanya kuwa hifadhi, yenye ukubwa wa karibu kilometa mraba 1,500. Si mbuga ya taifa kama Virunga (1925), Upemba (1939) au Kahuzi-Biega (1970), lakini utajiri wake ni mkubwa. Kuko sokomutu. Kuko aina ya mbega inayopatikana tu kwenye mlima huo, na ndege mdogo ambaye wataalamu wamempa jina la Kabobo lenyewe.

Mandhari yake ni ya pekee: msitu unateremka kutoka juu karibu kugusa maji ya ziwa. Mtu akiwa kwenye ukingo anatazama chini na kuona ziwa, na siku ya anga safi, milima ya Tanzania.

Kwa hiyo kitu cha kutazama kipo. Lakini safari ya kinga inahitaji vitu vingine vinne: umeme, njia, usalama, na makubaliano na wenyeji.

Umeme: hesabu si mbaya

Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, zaidi ya kilometa 100 kaskazini ya mji, kwenye mtambo uliojengwa miaka ya 1950 juu ya mto Kyimbi. Nguvu yake iliyopangwa ni megawati 17 na kidogo. Megawati moja tu kwa saa moja inatosha kujaza bateri 2,000 za kinga. Kinga 20 zikijazwa pamoja zinavuta karibu kilowati 3, chini ya hoteli ndogo yenye friji na pampu ya maji.

Shida iko kwenye waya: vijiji vingi kati ya Kalemie na Bendera vinaona nguzo zikipita tu. Lakini kinga haihitaji waya mrefu. Panoo moja ya jua ya wati 200, ikipata saa 4 au 5 za jua kali, inajaza bateri moja kwa siku. Kijiji chenye panoo 10 kingeweza kuwa na kinga 10.

Kuko uhusiano mwingine ambao haupaswi kusahauliwa. Mtambo wa Bendera unategemea mto usiokauka, na mto unategemea misitu ya milimani inayoshika maji ya mvua na kuzuia udongo kuteremka. Gunia la makala linalotoka kwenye msitu wa juu linagusa pia taa za mji.

Njia na usalama: hapa ndipo kazi iko

Njia ya Kalemie kuelekea Bendera na Fizi inaharibika sana wakati wa mvua. Kinga inapita mahali gari linakwama, hiyo ni kweli. Lakini matope mengi yanaingia kwenye cheni na freni, na maji yakiingia kwenye mota au kwenye kichwa cha bateri, fundi wa kawaida hawezi kitu.

Usalama ndio jambo zito zaidi. Kambi ya Katanika ni ushahidi wake: ilijaa watu waliokimbia vijiji vyao wakati wa mapigano kati ya Batwa na Baluba, hasa mwaka 2016 na 2017. Upande wa Fizi na Bendera umeona makundi yenye silaha kwa miaka mingi.

Virunga inaonyesha namna utalii unavyovunjika haraka. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi mmoja aliuawa na wageni 2 Waingereza wakatekwa. Wageni waliachiliwa, lakini mbuga ilifunga milango mpaka mwanzo wa 2019. Mwezi wa Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa kwa shambulio moja. Kisha vita vya M23, vilivyofika ndani ya Goma mnamo Januari 2025. Yote hayo, wakati Virunga tayari ilikuwa na hoteli, walinzi waliofundishwa na mitambo yake ya umeme ya maji, kama Mutwanga na Matebe. Bila amani, vitu hivyo vyote havileti mgeni.

Makubaliano: mlima uko na watu

Mara nyingi mbuga inapofunguliwa kwa wageni, mwenyeji anafungiwa. Kahuzi-Biega ni mfano unaojulikana na wote huko Kivu ya Kusini: katika miaka ya 1970 Batwa waliondolewa kwenye msitu wao. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa, ukisema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao.

Leo sheria iko wazi zaidi. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, juu ya ulinzi wa mazingira, inataka wakaaji waulizwe kabla eneo halijafanywa hifadhi. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Bambuti na Batwa. Yeyote atakayeleta mradi wa kinga, moto au hoteli kule Kabobo anapaswa kujibu maswali haya mbele ya vijiji: njia inapita shamba la nani? Nani anaajiriwa kama kiongozi? Pesa ya kiingilio inagawanywa namna gani? Na Mtwa anayejua kila kijito cha mlima ule atakuwa kiongozi, au atabaki anapigwa picha tu?

Jibu la Springdale na la Naivasha ni rahisi: kinga zinakodishwa nje ya mlango, na watu wa pale. Mbuga inachukua kiingilio, kijiji kinachukua kodi ya kinga, chakula na malazi. Kampuni ikikodisha ndani na kuleta hata chakula kutoka mbali, kijiji kinabaki na vumbi.

Kinga ya mzigo kwanza?

Kuko sababu nzuri ya kuanza na kazi, kisha matembezi. Kinga iliyobeba magunia ya kilo 100, pamoja na mwenyewe, inafika kilo 200. Kwenye kilima kile cha mita 10 kwa mita 100, mota ya wati 250 pamoja na miguu inaweza kuipandisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila mtu kuvunjika mgongo. Kadre lazima iwe ya mizigo, maana ya watalii itapasuka.

Faida ya pili ni mafundi. Kinga 30 za mizigo zikizunguka kati ya Katanika na masoko ya Kalemie, zitazaa vijana wanaojua kupima bateri, kubadilisha waya na kurekebisha freni. Siku mgeni wa kwanza atakapotaka kupanda kuelekea Kabobo, fundi atakuwepo.

Bei bado ni ukuta. Kinga ya umeme nzuri mara nyingi inapita dola 1,000, na bateri inachoka baada ya kujazwa mara 500 hadi 1,000. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba lithiamu iko kwa wingi Manono, katika jimbo hilihili la Tanganyika, na kobalti ya Lualaba inaingia kwenye bateri za dunia nzima. Madini yanatoka hapa, bateri inarudi na bei ya mbali.

Kwa mwenye kutaka kununua au kukodisha

- Angalia wati-saa za bateri, si maneno ya muuzaji juu ya kilometa. Kwa milima ya hapa, chini ya 500 ni kidogo.
- Jaribu freni kwenye mteremko kabla ya kulipa. Freni za diski ni bora kwa mvua.
- Uliza kama bateri ya pili inapatikana. Bila hiyo, kinga itakufa pamoja na bateri ya kwanza.
- Tumia chaja yake yenyewe. Usijaze bateri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa, na usiijaze usiku kucha karibu na mahali watoto wanalala. Bateri ya lithiamu ikiwaka ni vigumu kuizima.
- Usiiache juani. Joto kali linaizeesha haraka kuliko kazi.
- Njiani mlimani, hesabu bateri ya kurudi kabla ya kuhesabu ya kwenda.